Mnunuzi wa ngono mbele ya hakimu

Ebola ilipokuwa ikiua watu huko Beni na Butembo, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, miji hiyo ilijaa magari ya Riposte, kampeni ya kupambana na Ebola, na watu wa mishahara ya dola. Wanawake walikwenda kwa watu hao kuomba kazi. Septemba 2021 tume huru ya Shirika la Afya Duniani, chini ya Aïchatou Mindaoudou na Julienne Lusenge, ilitaja watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa waajiriwa wa shirika hilo. Wengi walidaiwa kutoa kazi kwa bei ya ngono. Wengine walituhumiwa kubaka.

Mtuhumiwa wa namna hii, au yeyote aliyelipia ngono, ajitetee vipi?

Ana hoja moja nzito. Sheria ya jinai ya Kongo haimwadhibu mtu mzima kwa sababu tu alimlipa mtu mzima mwenzake aliyeridhia, na ibara ya 17 ya Katiba inakataza kumshtaki mtu kwa tendo lisilo kosa kisheria. Polisi anayemkamata mteja mlangoni mwa baa na kumdai pesa lazima aonyeshe kifungu. Tena amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha za taifa. Zikipita saa 48, amwachie au amfikishe parke, ofisi ya mwendesha mashtaka.

Hoja hiyo huanguka mara umri unapotajwa. Sheria ya 20 Julai 2006, kifungu 174n, inampa miaka 5 hadi 20 gerezani anayemtumia mtoto wa chini ya miaka 18 kwa ngono ya malipo au faida nyingine yoyote. Kusema msichana alikubali, au mama yake alijua, hakusaidii kitu. Bosi aliyetumia cheo chake kudai ngono naye ana kifungu chake, cha unyanyasaji wa kingono.

Utetezi unaosikika zaidi mtaani, kwamba "yule ni malaya tu", ndio dhaifu kuliko yote, na ni haki uwe hivyo. Katika kesi za ukatili wa kingono, mwenendo wa zamani wa mwanamke haumwondolei mshtakiwa hatia, wala kunyamaza kwa mwanamke si kuridhia. Familia zikikaa na kupatana kwa mbuzi au dola, mwendesha mashtaka bado anaweza kuendelea, na faini ya kumaliza kesi kituoni imekatazwa.

Wakili mzuri, basi, hupigania ushahidi: ripoti ya daktari, mashahidi na hati za kuzaliwa, ambazo familia nyingi zilizokimbia mashambulizi ya waasi wa ADF karibu na Beni hazina.

Mei 2021 hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa kijeshi wa dharura, ilipotangazwa Kivu Kaskazini, mkoa wa Beni na Butembo, kesi za jinai za raia zilihamishiwa mahakama za kijeshi. Hata huko, ibara ya 61 ya Katiba hairuhusu haki ya kujitetea wala ya kukata rufaa iondolewe.