Zebaki: Metali ya Majimaji na Hatari ya Mvuke Wake

Zebaki ndiyo metali pekee iliyo kimiminika katika joto la nyuzi 25 za Selsiasi. Alama yake ya kikemia ni Hg na namba yake ya atomi ni 80. Huganda katika takriban nyuzi 39 chini ya sifuri, huchemka katika nyuzi 357, na uzito wake unakaribia mara 13.5 ya uzito wa maji ya ujazo ulio sawa.

Zebaki hushikamana na dhahabu na kufanya donge laini. Donge hilo likichomwa, zebaki hugeuka mvuke na kuiacha dhahabu, ambayo haiyeyuki mpaka nyuzi 1064. Wachimbaji wadogo wa Geita na sehemu nyingine za Kanda ya Ziwa wameitegemea njia hii kwa miaka mingi. Lakini mvuke huo hauna rangi wala harufu, hivyo mchomaji huuvuta pasipo kujua.

Njia ya kuingia mwilini ndiyo huamua ukubwa wa madhara. Zebaki ya majimaji ikimezwa, hunyonywa kwa kiasi kidogo mno. Mvuke ukivutwa, karibu asilimia 80 hubaki mwilini. Kutoka mapafuni huingia katika damu, hufika kwenye ubongo na huvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto aliye tumboni. Humo hujifunga na salfa iliyomo katika protini na kuvuruga kazi ya seli, hasa za ubongo na figo.

Aliyevuta mvuke mwingi kwa mara moja huweza kupata kikohozi, homa na kubanwa kifua katika muda wa saa chache, akadhaniwa ana nimonia au malaria. Aliyevuta kidogo kidogo kwa muda mrefu hutetemeka mikono, hukosa usingizi, huwa mwepesi wa hasira, husahau na huvimba ufizi. Kwa hiyo, mhudumu wa afya amwulize kila mgonjwa mwenye dalili hizi: unafanya kazi gani, na je, nyumbani kwenu huchomwa dhahabu? Kipimo kinachofaa kwa aliyevuta mvuke ni cha mkojo. Hatua ya kwanza ya tiba ni kumwondoa mgonjwa penye mvuke. Dawa za kuitoa zebaki mwilini hutolewa hospitalini kwa uangalizi wa daktari.

Kinga bora ni kuacha kutumia zebaki. Pale inapotumika bado, donge lichomwe nje, mbali na makazi, ndani ya chombo kilichofungwa chenye bomba la kupoza mvuke ili urudi kuwa majimaji. Lisichomwe kamwe kwenye jiko la chakula. Wajawazito na watoto wasikaribie. Kitambaa kilichofungwa puani huzuia vumbi. Mvuke wa zebaki hupenya.