Bunduki ya Zamani, Risasi Mpya

Mwalimu wa fizikia atafutaye mfano wa kanieneo kwa kawaida huiendea pampu ya baiskeli au jeki ya gari. Upo mfano mwingine, mkali zaidi, ambao historia ya majeshi imetuachia. Nchi imebaki na maelfu ya bunduki nzima, lakini jeshi limekwisha kuchagua risasi ya aina nyingine. Je, bunduki hizo ziyeyushwe, au zirekebishwe zipokee risasi mpya? Swali hili laonekana kuwa la karakana tu. Kwa hakika ni la fizikia, na alijibuye kwa kubahatisha aweza kupoteza jicho.

Kwanza tukubaliane juu ya maneno. Hapa tutaita risasi kile kitu kizima ambacho askari hukitia katika bunduki: ganda la shaba njano lenye baruti ndani yake, fataki kitakoni pake, na kichwa cha risasi mdomoni pake, ndicho kirukacho. Ganda hukaa katika chemba, yaani tundu lililochongwa nyuma ya mtutu kwa umbo la ganda lenyewe. Nyuma ya ganda hukaa komeo la chuma, ambalo mafundi huliita bolti. Kazi yake ni kuzuia vyote hivyo visirudi usoni mwa mpigaji.

Sasa tuje kwenye kisa chenyewe. Mwaka 1948 taifa jipya la Israeli lilinunua bunduki nyingi za Mauser aina ya 98 kutoka Czechoslovakia. Wakati Wajerumani walipoikalia nchi hiyo, kiwanda cha Brno kilikuwa kimelazimishwa kuwaundia silaha, kwa hiyo bunduki nyingi za namna hiyo zilikuwa na alama za utawala wa Hitler. Hivyo silaha zilizoundwa kwa ajili ya jeshi lililowaangamiza Wayahudi zikawa mikononi mwa Wayahudi. Historia hupenda vituko vya namna hii.

Bunduki hizo zilitumia risasi ya Kijerumani ya milimita 7.92, yenye ganda la urefu wa milimita 57. Mwaka 1954 nchi za NATO ziliafikiana juu ya risasi moja ya milimita 7.62, ganda lake milimita 51. Israeli, ingawa si mwanachama, mwaka 1955 ilichagua bunduki mpya ya Kibelgiji, FN FAL, itumiayo risasi hiyo. Kuweka maghala mawili ya risasi zisizoingiliana ni gharama, na katika vita ni hatari. Kwa hiyo, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, Mauser za zamani zilianza kugeuzwa na kupewa askari wa akiba.

Tofauti ya 7.92 na 7.62 yaonekana kuwa ndogo mno, lakini tuipime. Kichwa cha risasi ya zamani kina kipenyo cha milimita 8.22, na cha ile mpya milimita 7.82. Mtutu una mifereji iliyopindwa ndani yake ili kukizungusha kichwa cha risasi, nacho hakina budi kuumwa na kingo za mifereji hiyo. Katika mtutu wa zamani, nafasi kati ya kingo ni takriban milimita 7.89. Basi kichwa kipya kingepita katikati bila hata kuguswa vizuri, gesi ikivuja pembeni, nacho kingetoka kikiyumba kama mshale usio na manyoya. Kwa hiyo ilibidi mtutu wote ubadilishwe. Chemba nayo haikufaa, kwani ganda jipya ni fupi lakini ni nene zaidi mabegani.

Jambo moja, hata hivyo, lilikwenda kwa bahati njema. Kitako cha ganda, mahali bolti inaposhika, ni karibu milimita 12 kwa risasi zote mbili. Kwa hiyo bolti na ukucha wake wa kuvutia ganda vilibaki kama vilivyokuwa. Ugeuzaji ulipokamilika, namba 7.62 iliunguzwa kwa herufi kubwa kwenye kitako cha mti, maana askari aliyepewa sanduku lisilo lake angebaki na rungu tu mkononi.

Mpaka hapa tumesema juu ya umbo. Sasa tuseme juu ya kani. Kwa viwango vya Ulaya, kikomo cha kanieneo ndani ya ganda la 7.92 ni megapaskali 390, na cha 7.62 ni 415. Megapaskali moja ni newtoni moja kwa kila milimita ya mraba. Tukikisia kwamba kipenyo cha ndani cha kitako cha ganda ni milimita 10, eneo lake ni milimita za mraba 78.5. Wanafunzi na wazidishe wenyewe: risasi ya zamani huisukuma bolti kwa newtoni 30,600 hivi, na mpya kwa 32,600, ambazo ni sawa na uzito wa kilo 3,300. Mzigo huo hudumu kwa muda usiofikia kupepesa jicho, ukabebwa na meno mawili ya chuma yasiyozidi ukubwa wa ncha ya kidole. Ongezeko ni kama asilimia 6, na Mauser 98 liliweza kulibeba.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaifahamu zaidi bunduki nyingine, Lee-Enfield ya .303, iliyobebwa na askari wa King's African Rifles, na ambayo nchini Kenya huitwa Mark 4. Waingereza nao walitaka kuigeuza itumie 7.62, na kwao mambo yalikuwa magumu zaidi. Ganda la .303 lina ukingo uliojitokeza, wa upana wa milimita 13.7, kwa hiyo ukucha na magazini vilibidi vibadilishwe pamoja na mtutu. Tena kikomo cha .303 ni megapaskali 365 tu. Kwa hesabu ile ile, mzigo unaongezeka kwa karibu asilimia 14.

Zaidi ya hayo, meno ya bolti ya Lee-Enfield yako nyuma, mbali na ganda, ilhali ya Mauser yako mbele kabisa. Kanuni ya Hooke inatufundisha kwamba nondo ndefu ikibanwa kwa kani moja hufupika zaidi kuliko nondo fupi ya unene ule ule. Bolti ya Mwingereza, basi, hunywea kidogo kila inapopigwa, na ganda huvutika kuifuata. Majaribio ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 yalikatisha tamaa kwa upande wa shabaha. Ilikuwa mwaka 1970 ndipo ilipokubaliwa L42A1, yenye mtutu mpya mzito, kwa ajili ya walenga shabaha, na bunduki hiyo ilitumika hata katika vita vya visiwa vya Falkland mwaka 1982. Kiwanda cha Ishapore nchini India kilifuata njia nyingine: kiliunda upya bunduki ya mtindo huo kwa chuma bora zaidi.

Kisa cha Hispania ndicho kinachonitia mashaka zaidi. Huko Mauser za muundo wa mwaka 1893, ambazo hazina jino la tatu la akiba kama lile la aina ya 98, ziligeuzwa zipokee risasi ya 7.62 ya Kihispania iitwayo CETME. Risasi hiyo ina vipimo vya nje vilevile vya ile ya NATO, lakini kichwa chake ni chepesi na kanieneo yake ni ndogo. Risasi ya NATO huingia katika bunduki hizo bila kukwama, bolti ikafungwa vizuri, wala hakuna kipimo cha rula kitakachomwonya mpigaji kwamba amekitwisha chuma cha karne ya 19 mzigo ambao hakikuundiwa.