Je, Wajua? Kamera ya Serikali Iliyowasubiri Wahamiaji Bandarini

Je, wajua kwamba Australia ilikuwa na wapiga picha wa serikali waliotumwa kuwafuata wahamiaji? Idara ya Uhamiaji ilianzishwa Julai 1945, waziri wake wa kwanza akiwa Arthur Calwell. Haukupita muda, kamera zikaanza kuwafuata wageni melini, bandarini, kambini, kiwandani, hadi sebuleni kwao. Hazina ya Nyaraka za Taifa ya Australia imehifadhi zaidi ya picha 20,000 za aina hiyo.

Je, wajua chanzo chake kilikuwa hofu? Februari 1942 ndege za Japani ziliupiga mabomu mji wa Darwin. Nchi ilikuwa pana mno, na watu wake walikuwa milioni 7 na ushei tu. Vita vilipokwisha, serikali iliamua kwamba kila mwaka wahamiaji peke yao waongeze idadi ya watu kwa asilimia 1.

Je, wajua kwa nini karibu kila mtu kwenye picha hizo anatabasamu? Zilipigwa ili kushawishi. Nyingine zilipelekwa Ulaya kuwavuta watu waje, nyingine zilitolewa magazetini kuwatuliza wenyeji waliokuwa na wasiwasi na wageni. Kwa hiyo ukiona familia imeketi mezani, watoto wamechanwa nywele vizuri, jiulize pia nani aliipanga picha ile.

Meli ya kwanza ya wakimbizi wa vita chini ya mpango huo wa kuongeza watu, General Stuart Heintzelman, ilitia nanga Fremantle Novemba 1947 ikiwa na watu 843 kutoka Lithuania, Latvia na Estonia. Wengi walikuwa vijana wasio na ndoa, weupe wenye nywele za rangi ya dhahabu. Hilo halikuwa sadfa. Walichaguliwa ili wenyeji wakifungua gazeti waone sura zinazofanana na zao.

Je, wajua kwamba meli moja ya namna hiyo iling'oa nanga Mombasa? Wapolandi waliohamishwa kwa nguvu na Wasovieti mwaka 1940 na 1941 walipelekwa Siberia na kwingineko, wakatoka kupitia Iran, na maelfu wakaletwa Afrika Mashariki. Waliishi Tengeru karibu na Arusha, na Koja na Masindi nchini Uganda. Huko walikuwa na shule, makanisa na mashamba, na makaburi yao yapo Tengeru hadi leo. Mapema mwaka 1950 zaidi ya 1,100 kati yao walipanda General Langfitt, wakashuka Fremantle Februari, kisha wakapelekwa kambi ya Northam. Watoto waliokulia chini ya Mlima Meru wakawa Waaustralia. Mwafrika aliyezaliwa pale pale Tengeru asingepokelewa hivyo: sera ya Australia Nyeupe, iliyojengwa juu ya sheria ya 1901, ilimfungia mlango, na mabaki yake ya mwisho yalifutwa mwaka 1973. Picha hizi haziwezi kusomwa kwa haki bila kuwakumbuka wale ambao hawakuruhusiwa kabisa kuingia ndani yake.

Kambi kubwa kuliko zote ilikuwa Bonegilla, jimbo la Victoria, iliyokuwa kambi ya jeshi. Kuanzia 1947 hadi 1971 ilipitiwa na watu zaidi ya 300,000. Mabanda yalikuwa ya mbao na mabati, bila dari wala kitu cha kuzuia baridi, na mwanzoni mume na mke walilazwa mbalimbali. Mwaka 1949 watoto wachanga walikufa humo kwa utapiamlo, uchunguzi ukaitishwa. Mwaka 1952 Waitaliano waliochoka kusubiri kazi waliandamana, na mwaka 1961 fujo zikazuka tena.

Je, wajua kwamba daktari aliweza kuandikwa kibarua? Wakimbizi walifungwa na mkataba wa miaka 2 wa kufanya kazi yoyote watakayopangiwa, na vyeti vyao mara nyingi havikutambuliwa. Lakini mhamiaji Mwingereza mtu mzima alilipa pauni 10 tu za nauli. Asipokaa miaka 2, alipaswa kurudisha gharama ya safari.

Je, wajua kwamba mhamiaji wa milioni moja wa baada ya vita alichaguliwa? Alikuwa mwanamke Mwingereza wa miaka 21, aliyeolewa karibuni, aliyefika kwa meli ya Oronsay Novemba 1955. Kamera zilimfuata hadi nyumbani kwake mjini Yallourn.

Leo picha hizo zinatazamwa kwa sababu ambayo waliozipiga hawakuifikiria. Wajukuu wanazipekua wakimtafuta babu kwenye ukingo wa meli, au shangazi darasani, na wengine wameandika majina ya watu ambao serikali iliwapiga picha bila kuyataja.