Elimo na Rebeka Njau: nyumba moja, vipaji viwili

Wasikilizaji wetu, tukizungumzia mapenzi redioni, mara nyingi mnatuuliza kuhusu mahari au wivu. Leo tunawaeleza kisa cha kweli chenye swali jingine: je, nyumba moja inaweza kubeba vipaji viwili vikubwa?

Elimo Njau alizaliwa mwaka 1932 huko Marangu, Kilimanjaro. Rebeka alizaliwa mwaka huohuo Kanyariri, Kenya. Wote walisoma Makerere, Uganda, enzi ambazo wasichana waliofika chuo walikuwa wa kuhesabika. Elimo alisomea uchoraji, Rebeka ualimu. Mchagga na Mkikuyu hao wakaja kuoana.

Mume alichora nini?

Mwishoni mwa miaka ya 1950, Elimo alichora picha tano kubwa kwenye kuta za kanisa la Anglikana la Murang'a, Kenya. Zinaonyesha maisha ya Yesu, lakini Yesu huyo ni Mwafrika. Mwaka 1965 alishiriki kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, Nairobi. Paa wa kwanza ni mnyama, wa pili ni kupaa juu.

Mke aliandika nini?

Rebeka alikuwa mkuu wa shule ya wasichana Nairobi, tena mwandishi. Tamthilia yake The Scar, yaani Kovu, ilichapishwa mwaka 1963. Inamhusu mwanamke anayewatetea wasichana wasikeketwe, huku siri ya ujana wake ikimwandama.

Hapo ndipo kisa hiki kinatugusa sisi wa Dodoma. Ukeketaji bado upo mkoani kwetu, ingawa sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Rebeka alilisema jambo hilo miaka 35 kabla ya sheria hiyo.

Iliishaje?

Baadaye wawili hao waliachana. Rebeka hakuacha kalamu. Riwaya yake Ripples in the Pool ilitoka mwaka 1975. Elimo naye aliendelea na Paa ya Paa, hata baada ya moto wa mwaka 1997 kuteketeza kazi nyingi.

Nanyi mnasemaje? Binti yako anayefaulu darasani akiolewa, mumewe atamwachia nafasi ya kusoma na kuandika? Tutumieni ujumbe, tutausoma hewani.