Nyumba mpya kwa siku saba: Gharama isiyoonekana kwenye televisheni

VIPINDI vya televisheni vinavyoonyesha nyumba kuukuu ikigeuzwa kuwa ya kifahari katika muda mfupi vimejipatia watazamaji wengi duniani. Mtazamaji huona chumba chenye kuta zilizopauka, kisha baada ya dakika chache huoneshwa chumba hicho hicho kikiwa na rangi mpya, makochi mapya na mwenye nyumba akilia kwa furaha.

Hata hivyo, wahenga walinena: usione vyaelea, vimeundwa. Nyuma ya dakika hizo kuna mafundi, wafadhili na wanasheria ambao hawaonekani, na kuna gharama ambazo huanza kulipwa baada ya kamera kuondoka.

Mtindo huu ulipata umaarufu mkubwa nchini Uingereza mwaka 1996, shirika la BBC lilipoanza kurusha kipindi cha Changing Rooms. Majirani wawili walibadilishana nyumba kwa siku mbili, na kila upande ulipewa pauni 500 pamoja na mbunifu wa kuwasaidia kupamba chumba cha mwenzao. Mwaka 2000 Marekani ilipata kipindi chake cha aina hiyo, Trading Spaces, ambacho kilitenga dola 1,000 kwa chumba.

Fedha hizo zilihusu zaidi rangi, vitambaa na mbao. Ujira wa wabunifu na mafundi haukuhesabiwa humo, ingawa kwa mtu wa kawaida ujira wa fundi ni sehemu kubwa ya gharama.

Kipindi cha Extreme Makeover: Home Edition kilivuka mipaka ya rangi na mapazia. Kilianza kurushwa na televisheni ya ABC ya Marekani mwishoni mwa mwaka 2003, mtangazaji wake akiwa Ty Pennington, na awamu yake ya kwanza ikaendelea hadi mwaka 2012. Familia iliyokumbwa na maradhi, msiba au umaskini ilipelekwa likizo, na iliporejea baada ya siku saba ilikuta nyumba mpya, mara nyingi ile ya zamani ikiwa imebomolewa kabisa.

Siri ya siku saba ni maandalizi. Michoro na vibali vya ujenzi hushughulikiwa kabla ya kamera kufika. Mafundi hupokezana usiku na mchana, huku mamia ya watu wa eneo husika wakijitolea bila ujira. Vifaa vingi hutolewa na kampuni ambazo hunufaika kwa bidhaa zake kuonekana na mamilioni ya watu. Kwa maneno mengine, nyumba hiyo haikuwa ya bure. Ililipiwa kwa matangazo na kwa jasho la majirani.

Suala la kodi nalo lilihitaji ujanja. Sheria ya Marekani haimtozi kodi ya mapato mtu anayepangisha makazi yake kwa siku zisizofikia 15 kwa mwaka. Kwa hiyo, watayarishaji waliichukulia nyumba kuwa wameipanga kwa muda wa ujenzi, na maboresho yakahesabiwa kuwa ni pango. Baadhi ya wataalamu wa kodi waliutilia shaka utaratibu huo.

Lakini kodi ya majengo, ambayo hulipwa kila mwaka kulingana na thamani ya nyumba, haikuwa na mlango wa kutokea. Nyumba ilipokua, kodi ilipanda. Vivyo hivyo bili za umeme, maji na matengenezo, ilhali kipato cha familia kilibaki vilevile.

Mfano uliozungumzwa sana ni wa jimbo la Georgia. Mwaka 2005 familia moja ilijengewa nyumba kubwa kwa nguvu za watu wapatao 1,800 waliojitolea. Baadaye nyumba hiyo iliwekwa rehani kwa mkopo wa dola 450,000, na mwaka 2008 mkopeshaji alichukua hatua za kuipiga mnada. Miaka ya mwisho ya kipindi, watayarishaji walieleza kuwa wameanza kujenga nyumba za kiasi, ambazo wenyewe wangemudu kuzitunza.

Jambo jingine lisiloonekana ni usalama. Mwaka 2018 kampuni ya wenyeji wa kipindi cha Fixer Upper, Chip na Joanna Gaines wa mjini Waco, Texas, ilikubali kulipa faini ya dola 40,000 kwa mamlaka ya mazingira ya Marekani. Mamlaka ilisema kuwa ukarabati wa nyumba 33 haukuzingatia tahadhari dhidi ya rangi yenye madini ya risasi. Nchi hiyo ilipiga marufuku rangi hiyo majumbani mwaka 1978, lakini katika nyumba za kale bado ipo. Inapokwanguliwa au kupigwa msasa hutoa vumbi lenye sumu, ambalo huweza kudhuru ubongo wa mtoto.

Afrika Mashariki nayo imeutumia mtindo huu kwa namna yake. Tangu mwaka 2012, kipindi cha Shamba Shape Up cha Kenya kimekuwa kikitembelea wakulima wadogo na kurekebisha mabanda ya kuku, mazizi na mashamba kwa msaada wa wataalamu. Tofauti yake ni kwamba jirani anayetazama huweza kuiga alichokiona kwa uwezo wake mwenyewe.

Kwa mkazi wa mjini anayetamani kuibadilisha nyumba yake, funzo ni kuanza na visivyoonekana: paa linalovuja, mabomba na nyaya za umeme. Rangi iliyopakwa juu ya ukuta wenye unyevu hubanduka baada ya muda mfupi. Mpangaji apate kwanza idhini ya mwenye nyumba kwa maandishi, na fedha za akiba zitengwe, kwa kuwa ukuta ukibomolewa hufichua mengi.

Zaidi ya yote, kabla ya kuuliza nyumba itapendeza kiasi gani, yafaa kuuliza itagharimu kiasi gani kuitunza kila mwezi.