Daktari wa Ini na Kazi Zake Mbili: Kutibu na Kutafiti

Kamati inayochangia masomo ya daktari bingwa inaweza kuuliza swali la haki kabisa: kwa nini mtu tunayemsomesha ili atibu anatumia siku mbili za juma kwenye utafiti, ilhali wagonjwa wamejaa kwenye mabenchi? Makala hii inajibu swali hilo kwa mfano wa mabingwa wa magonjwa ya ini, kwa kuwa katika magonjwa hayo kutibu na kutafiti hutegemeana sana.

Kwa nini ini?

Ini huumia kimya kimya. Mtu aliyeambukizwa virusi vya homa ya ini aina ya B akiwa mtoto anaweza kuishi miaka 20 au 30 bila dalili yoyote. Anapofika hospitali, mara nyingi macho yamekuwa ya njano, tumbo limejaa maji, na ini lina makovu au saratani. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na virusi vya aina ya B. Mwaka huo homa za ini zitokanazo na virusi, kwa jumla, ziliua watu wapatao milioni 1.3.

Daktari wa wodini humpokea mgonjwa wa namna hii mwishoni mwa safari. Ili wengine wasifike hapo, lazima mtu arudi nyuma na kuuliza safari hiyo ilianzia wapi. Huo ndio utafiti.

Mfano wa Profesa Sheila Sherlock

Aliyeonyesha njia hii kwa uwazi ni Sheila Sherlock wa Uingereza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa daktari kijana katika hospitali ya Hammersmith, London. Alitumia sindano kuchukua kipande kidogo cha ini la mgonjwa aliye hai ili kikachunguzwe kwa darubini. Kabla ya hapo, mengi yaliyojulikana kuhusu ini lililougua yalitokana na kupasua maiti. Mwaka 1959 aliteuliwa kuwa profesa wa tiba katika hospitali ya Royal Free, mwanamke wa kwanza kupata cheo hicho nchini Uingereza. Huko alianzisha idara ya ini ambako madaktari kutoka nchi nyingi walijifunza kutibu na kutafiti kwa pamoja.

Matunda ya kazi hiyo yanaonekana katika jaribio moja lililochapishwa mwaka 1971. Yeye na wenzake walikuwa na wagonjwa 49 wenye homa ya ini sugu, na hakuna aliyekuwa na uhakika kama dawa ya prednisoloni inawasaidia au inawadhuru. Wagonjwa 22 walipewa dawa hiyo na 27 hawakupewa. Katika kipindi cha ufuatiliaji, waliopewa walikufa 3, na wasiopewa walikufa 15. Kama madaktari hao wangeendelea kutibu kwa kukisia tu, tofauti hiyo ingechelewa kujulikana, na wagonjwa wengine wangekufa bila sababu.

Mfano wa Afrika Mashariki

Mwaka 2004 watu wengi wa mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, walianza kufika hospitali wakiwa na macho ya njano. Waliorodheshwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walifariki. Wizara ya Afya, ikisaidiana na wataalamu kutoka Marekani, ililinganisha wagonjwa 40 na watu wengine 80 wasiougua. Ilibainika kuwa wagonjwa walielekea zaidi kuwa wamehifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba. Mahindi hayo yalikuwa na sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu. Wagonjwa walielekea zaidi pia kuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B.

Sumukuvu haina dawa maalum ya kuiondoa mwilini. Jibu lilikuwa shambani na ghalani: kukausha mahindi vizuri na kuyaweka juu ya kichanja. Jibu hilo lilipatikana kwa sababu waliowaona wagonjwa waliweza pia kuhesabu, kulinganisha na kuuliza.

Safari ya mafunzo

Nchini Tanzania, shahada ya kwanza ya udaktari huchukua miaka 5, kisha mwaka 1 wa mafunzo ya vitendo hospitalini. Shahada ya uzamili katika magonjwa ya ndani huchukua miaka 3, na ndani yake mwanafunzi huandika tasnifu ya utafiti wake mwenyewe. Baada ya hapo ndipo huja ubingwa wa juu wa mfumo wa chakula na ini, na kwa anayetaka kufundisha chuo kikuu, shahada ya uzamivu.

Uingereza, tangu katikati ya miaka ya 2000, iliweka utaratibu maalum kwa madaktari wa aina hii. Hatua ya kwanza, ya hadi miaka 3, humpa daktari robo ya muda wake kwa utafiti na robo tatu kwa wagonjwa. Baada ya shahada ya uzamivu, hatua ya mhadhiri humpa nusu kwa nusu. Muda huo huandikwa na kulindwa. Usipolindwa, wodi huumeza wote, kwani hakuna daktari atakayemwacha mgonjwa anayetapika damu ili akajaze jedwali.

Upande wa mgonjwa

Kuna hatari nyingine ambayo lazima itajwe. Mgonjwa anaweza kuogopa kumkatalia daktari anayemtibu anapombwa ashiriki utafiti. Kuchukua kipande cha ini, kwa mfano, kunaweza kusababisha damu kuvuja. Ndiyo maana utafiti huhitaji ridhaa ya mgonjwa na kibali cha kamati ya maadili. Nchini Tanzania, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ni mojawapo ya vyombo vinavyotoa kibali hicho. Mgonjwa akikataa, atibiwe vilevile kama wengine.

Maswali ya kuuliza

Si kila daktari anapaswa kuwa mtafiti, na hospitali ndogo yenye daktari mmoja inahitaji kwanza mtu wa kutibu. Kabla ya kukubali kumfadhili bingwa wa kazi mbili, kamati iulize:

1. Je, siku za utafiti zimeandikwa kwenye mkataba wake?
2. Nani atawahudumia wagonjwa siku hizo, na analipwa na nani?
3. Je, swali la utafiti linatokana na wagonjwa wa eneo hili?
4. Matokeo yatarudishwaje kwa wananchi, na kwa lugha gani?

Ni vyema maswali haya yaulizwe kabla ya kutia sahihi barua ya ufadhili, na majibu yake yawekwe kwenye kumbukumbu za kikao, ili kila mwaka kamati iweze kuyalinganisha na taarifa ya daktari.