Zege Halilali, Tena Lina Kiu

"Zege halilali," husema mafundi wetu, wakimaanisha kwamba lililokorogwa leo halina budi kumwagwa leo. Usemi huo una ukweli wa pili ambao aghalabu husahauliwa: hata baada ya kumwagwa, zege halilali. Saruji na maji huendelea kufanya kazi ndani yake kwa siku nyingi, na kazi hiyo huzaa joto.

Marekani ilipojenga Bwawa la Hoover katika miaka ya 1930, wahandisi walilaza ndani ya zege mabomba yenye urefu wa zaidi ya kilomita 900, wakapitisha maji baridi. Walikadiria kwamba, bila ya hayo, ukuta ule mnene ungechukua zaidi ya miaka 100 kupoa, na ungepasuka.

Visiwani hatujengi kuta kama hizo. Sakafu ya ghorofa ya skuli au zahanati ni nyembamba, na joto lake hutoka upesi. Adui yetu sisi ni jua na upepo. Katika majira ya Kaskazi, maji hukauka kabla saruji haijayatumia. Uso wa zege hupasuka, na nguvu iliyokusudiwa haipatikani. Kisha hewa ya chumvi hupenya katika ufa, nondo hushika kutu na kuvimba, zege hubanduka juu ya vichwa vya watoto wetu.

Kinga yake si ghali. Zege limwagwe asubuhi mapema au jioni. Kokoto ziwekwe kivulini. Fundi asizidishe maji ili kujirahisishia kazi, kwani maji ya ziada hulidhoofisha zege. Wala asitumie maji ya bahari penye nondo. Likishashika, lifunikwe kwa magunia yaliyoroweshwa, lisiachwe kukauka kwa muda usiopungua siku 7.

Ugumu uko hapo. Katika siku hizo 7 hakuna kinachoonekana kupanda, na kiongozi anayengojea sherehe ya ufunguzi huona kazi imelala. Tunawaomba ndugu zetu watendaji wa Serikali wazitaje siku hizo katika kila mkataba wa jengo la umma, wazitengee fedha za maji, na wamtume mtu kwenda kuyagusa magunia kwa mkono wake.

Saruji yetu huvuka bahari kwa gharama kubwa. Kuinyima maji ni israfu, na deni lake watalipa wengine.